Aparei ndogo ya foto: historia yake, na namna ya kuichagua ukiwa mtu wa Kamituga



Kuna swali moja linanirudia kila mara: "Agro, niko na dola 150, ninunue aparei gani ndogo ya kupiga foto na kufilma?" Anayeuliza leo anafuata mashamba ya muhogo, anayeuliza kesho anataka kufilma ndoa na kupata franga kidogo siku ya posho. Mwingine anataka tu foto za watoto wake zisizopotea kila mara telefoni inapoanguka ndani ya maji. Mpaka sasa nilikuwa najibu mbio-mbio, sentensi mbili. Leo nijibu kwa kirefu, na jibu lenyewe litapitia historia, juu kile kifaa tunachokiona kama kitu cha jana kiko na miaka zaidi ya 130, na mambo yaliyoamua zamani nani ashike foto ndiyo yale yale yanayoamua leo.

Tuanze mwaka 1888. Mbele ya pale, kupiga foto ilikuwa kazi ya mtu mwenye wapagazi: sanduku kubwa, miguu mitatu ya mbao, vioo, dawa za maji, na giza la kusafishia. George Eastman, wa Rochester kule Marekani, akaweka sokoni kisanduku kinachoitwa Kodak, kiko na film ya foto 100 ndani, bei dola 25. Ukimaliza zile 100, unatuma kisanduku chote Rochester. Wanasafisha foto, wanaweka film mpya, wanakurudishia, unalipa dola 10. Dola 25 wakati ule ilikuwa pesa nzito kweli. Lakini mwaka 1900 kampuni ile ile ikatoa Brownie kwa dola 1, na hapo hata mtoto wa fundi wa viatu akaweza kuwa na aparei yake.

Angalia vizuri Eastman aliuza nini. Foto za Kodak ya kwanza zilikuwa za mviringo, ndogo, na mpiga picha wa vioo angezicheka. Kile alichouza ni wepesi wa kubeba, na mtu mwingine wa kufanya kazi inayofuata baada ya kidole kubonyeza. Tangu siku ile, aparei ni nusu ya jambo. Nusu ingine ni swali hili: foto inaenda wapi nyuma ya pale, na nani anabaki nayo? Sisi Wakongomani tulilijua swali hilo mapema kuliko watu wengi, na kwa ubaya.

Tarehe 14 Mei 1904, pale Baringa, ndani ya eneo la kampuni ya mpira ya ABIR, mwanaume mmoja anaitwa Nsala alifika misioni akiwa na kifurushi cha majani. Ndani mlikuwa mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka kama mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni. Alice Seeley Harris, mmisionari Muingereza, alimuomba akae barazani na akampiga foto, vile viungo viwili vikiwa mbele yake. Foto ile na zingine zake zilipita Uingereza na Marekani ndani ya mikutano, zinaonyeshwa ukutani kwa taa, na zilisaidia chama ambacho E. D. Morel alikianzisha mwaka ule ule kupinga utawala wa Léopold II. Mwaka 1905 Mark Twain aliandika kitabu kidogo cha kumcheka mfalme, na ndani yake Léopold analalamika juu ya Kodak: ni shahidi mmoja ambaye hakuweza kumnunua. Mwaka 1908 Congo ikatoka mkononi mwa Léopold, ikawa ya serikali ya Ubelgiji. Foto peke yake haikufanya ile kazi, kulikuwa na ripoti, makonsuli, biashara, siasa. Lakini bila foto, maneno ya Nsala yangebaki maneno ya mtu mweusi wa kijijini, na wakati ule tunajua yalikuwa na uzito gani.

Jambo moja ndani ya ile hadithi linanisumbua kila mara. Ile foto inaonyesha nyuma ya uovu. Hakuna foto ya Boali akiwa hai. Mbele yake hakuna kitu.

Na kwetu huku Mwenga? Kampuni ya MGL, Minière des Grands Lacs, ilianza kuchimba dhahabu upande wa Kamituga miaka ya 1920. Makampuni makubwa ya ukoloni yalipenda foto: mashine, kambi za wafanyakazi zilizopangwa kwa mistari, kiongozi aliyetoka Ulaya akitembelea. Serikali nayo ilikuwa na kikosi chake cha picha, Congopresse, ambapo miaka ya 1950 Joseph Makula alikuwa kati ya Wakongomani wa kwanza kupewa aparei ya kazi. Foto nyingi za nyakati zile ziko leo ndani ya musée ya Tervuren, Ubelgiji. Upande wa mila, mwaka 1952 mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck alianza kukaa kati ya Walega, miaka michache tu nyuma ya serikali kukataza Bwami mwaka 1948, na foto zake za wanachama wa Bwami ziko ndani ya kitabu alichokitoa mwaka 1973 kule California. Sisemi alifanya vibaya. Bila yeye tungekosa mengi. Nasema kwamba mtoto wa Kamituga anayetaka kuona babu yake akivaa kofia ya kindi anapaswa kuanza na kitabu kilichochapwa California, ama na musée ya Ulaya.

Upande mwingine wa nchi, aparei ndogo ilikuwa tayari imeingia mikononi mwa watu wenyewe. Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928, alinunua Adox ndogo mwaka 1950, juu alikuwa anaoa na alitaka foto za ndoa yake. Alikuwa mtu wa kutengeneza baskeli, saa na aparei. Aliishia kuwa mpiga foto wa Franco na wa usiku wote wa Léopoldville: mabar, wasichana, vijana wa mtindo wa cowboy. Na kule Afrika Mashariki, Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1943, alianza akiwa mtoto na Brownie ya mkono wa pili. Ni yeye aliyefilma njaa ya Ethiopia mwaka 1984, picha zilizoamsha dunia nzima. Hawa wawili hawakuanza na kifaa kizuri. Walianza na kile kinachobebeka kila siku na ambacho wangeweza kulisha film. Wenye kunitumia majina ya aparei za dola 900, naomba msome sentensi hiyo mara mbili.

Wakati wa Zaïre sitakaa sana. Kupiga foto hadharani kulihitaji kibali, na mwenye aparei shingoni alikuwa mtu wa kusimamishwa na askari. Kilichobaki kilikuwa studio: pazia lenye maua, kiti, saa ya kuazima. SOMINKI ilizaliwa mwaka 1976 kutoka muungano wa MGL na makampuni mengine, ikafa mwaka 1997, na sehemu kubwa ya maisha ya Kamituga ya miaka ile, kama iko ndani ya foto, basi iko ndani ya masanduku chini ya vitanda vya mama zetu.

Sasa tuingie kwa dijitali. Mwaka 1975 kijana mmoja mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, aliunganisha mashine ya kilo 3.6 yenye kupiga foto bila film. Foto ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, nukta 10.000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuandikwa ku kaseti. Kodak iliona, ikaiweka pembeni, juu biashara yake ilikuwa film. (Wenye kusoma mambo ya kilimo wanajua kampuni za namna hiyo.) Wajapani hawakungoja: Casio QV-10 ilitoka mwaka 1995 ikiwa na kioo cha kuona foto nyuma, Sony mwaka 1997 ikatoa Mavica inayoandika ku disketi, kisha Canon, Nikon, Olympus na wengine wakajaza maduka. Kodak iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2012.

Hapa historia inarudi nyumbani kwa mlango wa nyuma. Vifaa hivi vidogo vinahitaji vikondensa vidogo vinavyobeba umeme mwingi, na vizuri kati yao vinatengenezwa na tantali, ni kusema coltan. Mwaka 2000 dunia ilitaka telefoni, kompyuta na kamera kwa wakati mmoja, bei ya tantali ikapanda mara nyingi ndani ya miezi michache, na Kivu nzima ikaacha jembe. Novemba ya mwaka ule, RCD iliyokuwa inatawala huku iliweka ununuzi wote wa coltan mkononi mwa kampuni moja, SOMIGL. Aprili 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa ripoti yao juu ya uporaji. Mwagronome hawezi kusoma miaka ile bila kuuliza mashamba yalienda wapi. Tena dhahabu: ile inayopakwa kwenye miguso midogo ya kadi na vifaa vya ndani. Kwa hiyo mtu wa Kamituga akinunua kamera Bukavu kwa dola 150, kuna chembe ndani yake ambayo labda ilishapita barabara ile ile ikishuka.

Mwaka 2010 viwanda vya Japani vilituma sokoni kamera ndogo karibu milioni 109. Mwaka 2023 zilikuwa chini ya milioni 2. Telefoni iliziua. Kwa nini basi mtu anunue leo? Vijana wa Ulaya na Marekani wanazirudia kwa ajili ya mtindo, na wamepandisha bei ya zile za zamani. Sisi tuko na sababu zetu, na sasa naingia ku jibu.

Sababu ya kwanza ni foto ya mbele. Mlimaji ambaye shamba lake limechimbwa, ama mto wake umegeuka tope, anafika ku ofisi na foto ya shimo. Anaulizwa: ulikuwa na migomba mingapi? Muhogo wa umri gani? Hana foto ya mbele. Agosti 2021 serikali ya mkoa wetu ilisimamisha kazi za makampuni kadhaa ya dhahabu hapa teritwari ya Mwenga. Amri ni kitu kizuri, lakini amri haihesabu migomba ya mtu. Telefoni inaweza kupiga foto ile, ndiyo. Lakini foto ya telefoni inaishi WhatsApp, na WhatsApp inaibana na kuondoa tarehe na habari za ndani ya faili. Nyuma ya miezi sita simu imeibwa ama imejaa, kinachobaki ni nakala ya nakala, haina tarehe wala mahali. Tarehe 11 Septemba 2020, mashimo ya Detroit yalipoanguka chini ya mvua na watu 50 hivi wakaripotiwa kufa, video za telefoni zilizunguka dunia. Leo tafuta nakala yenye saa, fasi, na jina la aliyefilma. Kamera inakulazimisha kitu kizuri: faili la asili linabaki ku kadi mpaka wewe ulitoe.

Basi, unachagua namna gani?

Usianze na megapikseli. Madukani kuna kamera zisizo na jina la maana, zimeandikwa 48 ama 64, bei dola 60. Kihisi cha ndani ni kidogo sana, namba ile inapatikana kwa programu inayotanua picha. Megapikseli 12 za kweli zinatosha kwa foto ya ukurasa mzima wa gazeti. Cha kuuliza ni ukubwa wa kihisi. Kamera ndogo nyingi ziko na kile cha inchi 1/2.3, karibu milimita 6 kwa 4.6. Tangu Sony RX100 ya mwaka 2012 kuna ndogo zenye kihisi cha inchi 1, milimita 13.2 kwa 8.8, ni kusema eneo mara nne hivi. Kwa ndoa ya usiku, kanisa lenye taa mbili, ama mama twangeuse ndani ya hangari akitwanga mawe, hicho kikubwa kinaonekana tofauti mara moja. Telefoni za bei nzuri za leo nazo ziko na vihisi vikubwa, kwa hiyo ukiwa na telefoni ya namna ile, kamera ya 1/2.3 haitakupa mwanga zaidi. Itakupa zoom ya kweli ya lenzi, na hiyo ni kitu telefoni nyingi hazina: kupiga foto ng'ambo ya bonde bila kuvuka.

Lakini wenzangu wa kilimo, hapa nafikiri kinyume na wapiga foto wa ndoa. Kihisi kidogo kinaweka vitu vingi wazi kwa mara moja, na ndogo nyingi zinakaribia jani mpaka sentimita 1 ama 2. Kwa usaha wa njano unaotoka ndani ya mgomba wenye wilt, kwa chenille ndani ya moyo wa mahindi, kwa madoa ya mosaïque, kile kidogo kinafanya kazi kuliko cha bei mara tatu. Olympus Tough, zile za TG tangu TG-3, ziko na hali ya kukuza sana, hazinyeshwi na mvua, na lenzi yao haitoki nje. Hilo la mwisho ni kubwa. Lenzi inayotoka na kurudi kwa mota ndiyo ya kwanza kufa kwa vumbi na mchanga wetu. Ukinunua mkono wa pili, iwashe na kuizima mara kumi ukiisikiliza, ikikwaruza, rudisha.

Umeme. Hapa watu wanaanguka. Kamera yenye batri ya namna moja tu, na sharja ya ukutani ambayo haipatikani tena, itakuwa kitu cha kabati. Tafuta ile inayoshajiwa kwa kamba ya USB, juu panneau ndogo ya sola ama power bank inaitosha, ama zile Canon PowerShot A za zamani zinazotumia pile za kawaida za radio. Nunua pile za kushajiwa. Za soko zinaisha kabla hujafika bondeni.

Kadi: kamera za kale kabisa zinakubali SD mpaka GB 2, zilizofuata SDHC mpaka GB 32, za juu SDXC. Usinunue kadi ya GB 128 kwa aparei ya mwaka 2008. Na usinunue kadi ya dola 3. Jaza kadi mara moja nzima, kisha ufungue foto za mwisho uone kama ziko.

Kwa video, 1080 inatosha. 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula karibu GB 45 kwa saa, na kompyuta yako itakulilia. Kamera ndogo nyingi zinasimama zenyewe kwa dakika 29 na sekunde 59. Si ugonjwa: ushuru wa Ulaya ulihesabu kinachofilma dakika 30 kama kamera ya video na kukitoza zaidi. Kwa ndoa, jua hilo mbele ya hotuba ya baba mkwe. Sauti ya ndani ni dhaifu, basi weka telefoni mezani karibu na msemaji irekodi sauti, utaunganisha nyuma.

Saa ya ndani. Batri ikikaa bila nguvu siku nyingi, kamera inarudi ku tarehe ya kiwandani, na shamba lako litaonekana limepigwa foto kabla hujaanza chuo. Kila siku ya kazi, foto ya kwanza iwe karatasi: jina la kijiji, la mwenye shamba, tarehe, saa. Nyuma ya hiyo, shamba zima kutoka fasi moja inayojulikana, jiwe ama kona ya kanisa, ili mwaka ujao mtu asimame pale pale. Kisha karibu, ukiweka rula ama kalamu kando ya jani. Jioni nakala mbili, na moja isilale nyumba moja na ingine.

Na omba ruhusa. Kwa PDG wa shimo, kwa wachimbaji, kwa mama. Kamera inaonekana kuliko telefoni, na kwa kazi yetu hiyo ni faida: mtu anajua anapigwa foto, anaweza kukataa, anaweza kuomba nakala. Ukimuahidi nakala, mpelekee.

Kwa dola 150 basi: mkono wa pili ya kampuni yenye jina, lenzi isiyokwaruza, USB ama pile, kadi nzuri ya GB 32. Wa ndoa asubiri kidogo, aongeze pesa, atafute kihisi cha inchi 1. Wa mashamba asisubiri, msimu hausubiri.

Jambo la mwisho la kufanya nayo ikifika. Muulize mama kama negative za wakati wa SOMINKI ziko bado ndani ya lile sanduku. Weka telefoni mezani ikiwa na kioo cheupe kinachowaka kwa nguvu yote, kata kipande cha plastiki nyeupe kiwe juu yake, lalisha negative pale juu, zima taa ya nyumba, weka kamera ku hali ya kukaribia na saa ya kujipiga yenyewe ya sekunde 2 ili mkono usitikise. Kisha geuza rangi ku kompyuta. Mama akae kando yako na akuambie majina, na wewe uyaandike.